Usisuuze Tena

Karakanani walimwita Viputo, na jina hilo hakuonewa, alilitafuta mwenyewe. Mwanamke mzima, mke wa mtu, unamkuta saa nne asubuhi ameinamia beseni la maji anahesabu viputo, midomo inachezacheza, kalamu iko sikioni. Ukimsalimia anakunyooshea kidole, maana yake subiri. Sasa mtu kama huyo ungemwita nani? Mhandisi? Wenzake waliona hilo ni neno refu mno kwa mtu anayehesabu mapovu.

Kazi yenyewe haikuwa mchezo lakini. Alikuwa anaunda sanduku la kuoshea mboga na matunda, la kukaa jikoni kando ya sinki, kubwa kidogo kuliko sufuria ya familia. Ndani yake mlikuwa na kipampu kinachovuta hewa na kuipitisha kwenye cheche za umeme. Cheche zinaigeuza hewa kuwa ozoni, na ozoni inasukumwa majini kupitia jiwe lenye vitundu vidogo vidogo. Unaweka nyanya zako, karoti zako, majani yako ya saladi, unafunga kifuniko, unabonyeza kitufe. Dakika saba. Ozoni inawashughulikia vijidudu, kisha yenyewe inarudi kuwa hewa ya kawaida, haiachi ladha wala sumu. Inabaki harufu kidogo tu, kama ya nje baada ya radi.

Miaka mitatu alikuwa kwenye sanduku hilo. Mwaka wa kwanza gesi ilivuja, karakana nzima ikatoka nje ikikohoa na kumlaani. Mwaka wa pili akaweka kifuniko kinachobana na mkaa wa kunyonya gesi, watu wakarudi ndani. Mwaka wa tatu sanduku likaanza kufaulu. Majani yaliyopakwa uchafu makusudi yaliingia humo na kutoka safi, na mpimaji wa maabara, mwanamke mwembamba mwenye ulimi mkali, akakiri kwamba hajapata cha kulalamikia. Kwa mpimaji yule, hiyo ilikuwa pongezi ya kuwekwa kwenye fremu.

Mwenye karakana, ambaye wote walimwita Bosi hata mke wake, alikuwa mtu mwema lakini si mtu wa kubembelezwa. Alimwita Viputo ofisini akamwambia, "Karakanani linafaulu. Sasa litoke nje likaonane na dunia. Nyumba tano, mwezi mmoja. Likifaulu huko, tunaunda masanduku mia ya kwanza. Lisipofaulu, linapanda rafu ya juu kabisa, na wewe unarudi kwenye birika na pasi."

"Nyumba zipi, Bosi?"

"Nne nitatafuta mimi. Ya tano ni yako. Kama mashine haiwezi kukaa na mama mkwe wako, itakaa na nani?"

Alisema kwa utani, lakini maneno yalimchoma Viputo mahali pake. Maana mama mkwe wake, jamani, hakuwa mama mkwe wa kawaida.

Mama huyo alikuwa msimamizi wa chumba cha kufulia cha hospitali kwa miaka thelathini na moja. Mashuka, magauni ya upasuaji, mataulo, vyote vilipita chini ya macho yake, na kisichomridhisha kilirudi majini hata kama daktari amesimama mlangoni anakisubiri. Inasemekana aliwahi kumrudisha muuguzi nyumbani akabadilishe koti kwa sababu ya doa ambalo muuguzi mwenyewe hakuliona hadi alipofika kwake na kuwasha taa. Alipostaafu alihamia kwa mwanawe, mwalimu wa jiografia, na mke wa mwanawe, ndiye Viputo. Usafi akaja nao. Jiko lile lilikuwa lake. Pembeni ya mlango lilisimama pipa la maji, kwa kuwa mabomba ya mji mzima yalikuwa na tabia ya kukauka mchana kutwa, na pipa hilo alilisugua kila Jumamosi mpaka unaweza kujiangalia meno. Miaka sita walikaa nyumba moja, na katika miaka hiyo sita Viputo hakuwahi kumwambia mama mkwe wake neno moja lisilo tamu. Alimwogopa. Na alimpenda pia, tusimsingizie, lakini woga ulitangulia.

Basi masanduku matano yakagawiwa. Moja kwa fundi cherehani, moja kwa mwoka mikate, moja kwa maharusi wapya waliokuwa bado wanashikana mikono hata wakifungua friji, moja kwa mzee mstaafu wa posta aliyekaa peke yake, na moja nyumbani kwa Viputo. Kila sanduku na karatasi yake ya maelezo. Mistari kumi na miwili, aliiandika mwenyewe. Wa tisa ulisema: Usisuuze tena.

Wiki ya pili mpimaji akakusanya mboga zilizooshwa. Kila nyumba ilitia zake kwenye mfuko maalumu, mfuko ukabandikwa namba. Baada ya siku tatu akaja karakanani mwenyewe, hakutaka hata kupiga simu.

"Nyumba moja safi," alisema. "Nne, afadhali wasingeosha."

"Haiwezekani," alisema Viputo.

"Mimi sijui kinachowezekana. Mimi nahesabu vijidudu. Na bingwa wa wote ni namba nne."

Viputo hakuhitaji kutazama orodha. Namba nne ilikuwa kwake.

Bosi alisoma karatasi ya majibu, akakuna kichwa. "Mashine yako ni kama mwanafunzi fulani," alisema. "Mbele ya mwalimu anajua yote. Akivuka geti, hajui hata jina la shule."

Viputo akazunguka nyumba zote. Alikaribishwa vizuri, akapewa chai, akapewa kiti chenye mto. Kila mahali aliomba aone wanavyoosha, na kila mahali waliosha mbele yake kama wanafanya mtihani: maji hadi alama, mboga ndani, kifuniko, kitufe, dakika saba, toa, weka sahani safi. "Kama ulivyosema, fundi," alisema fundi cherehani. "Mashine nzuri sana, fundi," alisema mwoka mikate. Maharusi walijibu kwa pamoja, kama kwaya. Nyumbani kwake, mama mkwe alifanya yote hayo kwa mikono iliyotulia, akamalizia kwa kufuta sanduku lenyewe kwa kitambaa. Viputo alichukua sampuli zilizooshwa mbele ya macho yake, akazipeleka maabara.

Zote tano safi.

"Basi jibu tumelipata," alisema Bosi. "Tutakuuza wewe pamoja na mashine, kwenye boksi moja."

Karakana nzima ilicheka. Viputo naye alicheka, kicheko cha kuzuia machozi. Akavunja sanduku moja akalichunguza vipande vipande. Akabadilisha jiwe. Akapima umeme wa nyumba zote, akidhani labda mchana unapungua. Siku zikakatika, ikabaki wiki moja na nusu, na rafu ya juu aliiona kila akiinua kichwa.

Mimi nikuambie kitu. Adabu ni jambo zuri, nyumba haikai bila adabu. Lakini adabu imeua mashine nyingi kuliko kutu. Watu wa nyumba zile hakuna hata mmoja aliyekuwa mwongo kwa tabia. Walikuwa watu waliolelewa vizuri, na mtu aliyelelewa vizuri hawezi kumwambia mgeni, aliyekuja na mashine yake mwenyewe na macho mekundu ya uchovu, kwamba mashine yako nimeishuku.

Jumanne moja Viputo alisahau kipimio chake nyumbani. Akarudi saa sita mchana, akaingia kwa mlango wa nyuma bila kupiga hodi, kwa sababu ni kwake. Akamkuta mama mkwe amempa mgongo. Sanduku limemaliza kazi, kitaa chake kinawaka kijani. Mama akatoa majani ya saladi, akayanusa, akakunja pua. Akachukua jagi, akachota kwenye pipa, akayamwagia. Akachota tena. Akachota mara ya tatu. Huku akinong'ona peke yake kwa raha, kama mtu aliye kazini kwake: "Moja ya dawa. Mbili ya mashaka. Tatu ya daktari."

Viputo alirudi nyuma hatua kwa hatua, akatoka, akasimama nje ukutani. Kumbe! Miaka thelathini na moja mwanamke huyu aliishi kwa sheria moja: kitu kikitoka kwenye dawa, kisuuze mara tatu, usimwachie mtu dawa mwilini. Sanduku linatoa harufu, kwa hiyo lina dawa, kwa hiyo linasuuzwa. Kwake karatasi ya mistari kumi na miwili ilikuwa karatasi tu, na hakutaka kumuumiza mke wa mwanawe kwa kumwambia hivyo. Alipotazamwa alifuata karatasi. Alipobaki peke yake alifuata sheria.

Lakini kama ni kusuuza tu, uchafu ulitoka wapi? Hapo Viputo akafanya jambo lililomwia gumu kuliko yote ya miaka mitatu. Jioni, mama alipokwenda kuoga, alichota maji ya pipa kwenye chupa ndogo, akaificha kwenye mkoba chini ya kitabu. Kila mara aligeuka kutazama mlango, utadhani anaiba.

Siku ya pili yake mpimaji alimpigia. "Hili pipa la nani?"

"La mtu fulani."

"Mtu fulani ana jagi ambalo kila mtu analitumbukiza na vidole vyake?"

Viputo alifikiria. Jagi lilining'inia ukingoni mwa pipa. Mumewe alilitumia akitoka kazini, mikono ina chaki. Jirani alilitumia akija kuomba maji. Yeye mwenyewe alilitumia, na mikono yenye grisi. Mama alisugua pipa kila Jumamosi, na hadi Jumatatu mikono ya watu wote ilikuwa imeshaingia humo. "Ndiyo," alisema.

"Mwambie mtu fulani hayo ni maji ya kuchemsha. Asisuuzie mboga mbichi."

Mwambie. Neno dogo hilo! Viputo alimweleza mumewe walipokuwa wanatandika kitanda. Mwalimu wa jiografia aliachia shuka.

"Unataka kumwambia mama yangu kwamba pipa lake ni chafu?"

"Nataka unisaidie kumwambia."

"Mimi simo," alisema. "Ramani ya hapo siijui. Mimi simo kabisa."

Wanaume! Asubuhi alitoka mapema kuliko siku zote, eti ana gwaride la wanafunzi. Viputo akabaki na mama mkwe jikoni, wawili peke yao, na siku mbili tu kabla ya kikao ambacho Bosi aliwaita watu wa nyumba zote tano waje kutoa neno la mwisho.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona hujala?"

"Mama, nina jambo." Alisogeza kikombe pembeni. "Juzi nilirudi mchana. Nilikuona unasuuza." Akasema yote. Namba nne. Chupa ndogo chini ya kitabu. Jagi na vidole vya watu. Alisema haraka, akitazama meza, kwa sababu angeinua macho angesimama katikati. "Si kwamba hujalisafisha, mama. Unalisafisha kuliko mtu yeyote ninayemjua. Ila maji yenyewe... yamepimwa. Ni machafu."

Bomba lilidondosha tone moja, likatulia.

"Uliiba maji yangu," alisema mama mkwe.

"Niliyachukua, ndiyo. Nisamehe."

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, mama."

Mama aliinuka, akalaza pipa ubavuni, akamwaga maji yote uani. Akaanza kulisugua, na ilikuwa Alhamisi, si Jumamosi. Viputo alisimama pale na mkoba wake begani hata akaona aibu kusimama, akaenda kazini. Jioni aliposalimia aliitikiwa, na mazungumzo yaliishia hapo. Ijumaa vilevile. Chakula kilipikwa, kikapakuliwa, kikaliwa, vijiko vikazungumza na sahani. Mwalimu wa jiografia alitazama huku, akatazama kule, akasahihisha madaftari mpaka yakaisha akaanza kusahihisha yaliyokwisha sahihishwa. Viputo aliumia. Alijiambia: sanduku limenigharimu miaka mitatu, sasa limenigharimu na mama.

Na ndipo akaapa. Kwenye kikao hatamtaja. Rafu ichukue sanduku lake kama inalitaka, lakini jina la mama yule halitatolewa mbele za watu.

Jumamosi saa tatu walikaa kuzunguka meza kubwa ya karakana, iliyosafishwa vumbi la vyuma kwa ajili ya wageni. Fundi cherehani, mwoka mikate, maharusi wakiwa wamekalia benchi moja ambalo nusu yake ilibaki wazi, mzee wa posta na kofia yake gotini. Mpimaji na karatasi zake. Kiti cha tano kilikuwa kitupu. Mama alikuwa amesema asubuhi kwamba goti linamuuma.

"Nyie ni watu wazima, sitawazungusha," alisema Bosi. "Nauliza swali moja. Mlifuata karatasi?"

"Neno kwa neno," alisema fundi cherehani.

"Mstari kwa mstari," alisema mwoka mikate.

"Kabisa," walisema maharusi.

Mzee wa posta alikohoa tu, akageuza kofia.

Bosi akamgeukia Viputo, na uso wake ulikuwa na huruma, jambo lililokuwa baya zaidi. "Kama wamefuata karatasi, na mboga ni chafu, basi mashine ndiyo mbaya. Au kuna kingine?"

"Kuna kitu kinatokea baada ya mashine," alisema Viputo. "Nafikiri wanasuuza."

"Nani? Umemwona nani?"

Watu wa nyumba nne walimtazama kwa macho safi ya watu waliolelewa vizuri. Viputo alifungua mdomo. Jina lilikuwa pale pale kwenye ncha ya ulimi, na miaka mitatu ilikuwa nyuma yake inalisukuma. Akaufunga.

"Sina mtu wa kumtaja," alisema.

Bosi alishusha pumzi. Akafunika kalamu yake. "Basi, binti yangu, nasikitika..."

"Hodi hapo."

Wote waligeuka. Mlangoni alisimama mama mkwe, amevaa gauni la bluu la siku aliyoagwa kazini, limepigwa pasi mpaka linasimama lenyewe. Goti, kama liliuma, liliumia kimyakimya. Aliingia, akasalimia kila mtu kwa mkono, akafika kwenye kiti chake na hakukikalia.

"Samahanini kwa kuchelewa. Mimi ndiye namba nne."

Mpimaji aliinua macho kwenye karatasi zake.

"Mimi nimesimamia usafi wa hospitali miaka thelathini na moja," alisema mama, kwa sauti ile ya kuamrisha chumba chenye mashine ishirini. "Wapo watu katika mji huu wamezaliwa kwenye mashuka niliyofua mimi. Huyu binti aliniletea mashine, akaniandikia: usisuuze tena. Nikasuuza. Mara tatu, kila siku, tangu siku ya kwanza. Alipokuwa ananitazama sikusuuza, kwa sababu sikutaka kumvunja moyo. Na maji niliyosuuzia yalitoka kwenye pipa langu, na pipa langu lilikuwa chafu."

Nje mtu alikuwa anagonga bati, akaacha, kwa bahati tu.

"Kwa wenye masikio mazito narudia. Pipa langu lilikuwa chafu. Nimelisema, na bado nimesimama, mnaniona. Haya. Nani mwingine alisuuza?"

Fundi cherehani alichunguza kucha zake. Kisha mkono ukapanda, kwanza hadi begani, halafu juu. "Kidogo," alisema. "Ile harufu, mama. Nina watoto."

"Sikukuuliza sababu, mwanangu. Asante. Mwingine?"

"Ni yeye," alisema bibi harusi.

"Mimi? Si wewe uliyeniambia suuza?" alisema bwana harusi, na hapo ikawa mara ya kwanza tangu waoane kusemeshana hivyo mbele za watu. Wakatazamana, wakapasuka kicheko wote wawili, wakainua mikono.

Mwoka mikate alikuwa ameinama, mabega yanatikisika. "Jamani, mimi msinitaje," alisema. "Mimi nilisuuza kwa sabuni."

"Kwa sabuni!" Mpimaji aliangusha kalamu. Bosi alijishika uso. Watu walicheka mpaka mwoka mikate mwenyewe akafuta machozi kwa mkono wa gauni.

"Na wewe mzee?" Bosi alimuuliza mstaafu wa posta. "Wewe ndiye nyumba safi. Wewe ulifuata karatasi?"

Mzee alivaa kofia, akaivua. "Karatasi sikuisoma, ndugu yangu. Miwani yangu ilivunjika. Ila mimi ni mvivu. Kitu kikishaoshwa mara moja, nakula."

Basi ikawa hivyo: katika nyumba tano, sanduku lilitetewa na mvivu mmoja. Bosi alicheka hadi akakohoa, kisha akafungua tena kalamu yake. Viputo hakuweza kucheka. Alikuwa anamtazama mama mkwe wake, aliyekuwa sasa ameketi, mgongo umenyooka, mikono juu ya mkoba.

"Lakini tatizo liko palepale," alisema Bosi. "Wateja mia wa kwanza nao watasuuza. Tuandike mstari wa tisa kwa wino mwekundu?"

"Wino!" alisema mama. "Mwanamke ameosha mboga tangu ana miaka saba, leo wino mwekundu umwambie mikono yake ikae. Haitakaa. Msishindane nayo, ipeni kazi. Si maji ya humo ndani yanaua vijidudu? Wekeni bomba dogo hapo ubavuni, hayo hayo maji yenye viputo yatoke. Mtu ayasuuzie mwenyewe mara tatu, mara kumi, akitaka aimbe. Pipa atalisahau."

Viputo alikwisha kuvuta karatasi. Alichora bomba, akalifuta, akalichora chini zaidi, kimo cha mkono wa mtu aliyesimama mbele ya sinki. Kipampu kingeweza. Gesi ingebidi inyonywe na hapo mdomoni, mkaa kidogo, si kazi ya mwaka, kazi ya wiki tatu. Alipoinua kichwa, Bosi alikuwa amesimama juu yake anatazama mchoro.

"Nakupa mwezi," alisema. "Birika na pasi zitasubiri."

Watu walipotawanyika, wakwe hao wawili walitembea pamoja kurudi nyumbani. Jua lilikuwa kali, mama alitembea polepole kwa ajili ya goti, ambalo kumbe lilikuwa linauma kweli. Viputo alimshika mkono kwenye mteremko. Walipita duka la vyombo, wakapita kwa kinyozi. Mwishowe Viputo hakuvumilia.

"Mama, hukulazimika. Mimi nisingekutaja. Nilikwisha apa."

"Najua. Nilikuwa mlangoni muda mrefu, nilikusikia ukikataa." Mama alisimama kuvuta pumzi. "Nilikasirika siku mbili, nisikufiche. Halafu nikakaa nikafikiri. Miaka sita unaingia jikoni kwangu unaniambia kila kitu ni kizuri. Chakula kizuri, mama. Pazia zuri, mama. Mgeni ndiye anayesema hivyo. Nikawa najiuliza, huyu binti ataaga lini arudi kwao? Alhamisi ndiyo siku niliyojua umehamia."

Machozi yakamshuka Viputo hapo hapo barabarani, mbele ya kinyozi na wateja wake, na hakujali hata kidogo. Mama alitoa kitambaa mkobani, akakikagua pande zote mbili, ndipo akampa.

Walitembea tena kidogo. Viputo alipenga kamasi, akajisikia mwepesi, na wepesi ukampa ushujaa.

"Basi, mama, kama ni hivyo. Ile chumvi ya kwenye maharage..."

"Usizidishe," alisema mama mkwe. "Ukweli mmoja kwa mwaka unatosha."

Wakashikana mikono, wakavuka barabara.